SOMO LA KUSIKILIZA: Toshiko Akiyoshi, bendi kubwa na ghuba ya Minamata



Toleo hili nimeombwa niandike kitu "chepesi" kwa ajili ya miezi ya giza. Si unajua mambo ya Novemba hapa Stockholm: saa tisa alasiri taa za barabarani zimeshawaka, na mwanafunzi aliyetoka Mwanza, Mombasa au Kampala amejifungia chumbani anahesabu siku za kurudi nyumbani. Basi nikasema nitawaletea muziki. Lakini nawaonya mapema: mama ninayewaletea leo si mwepesi hivyo. Weka chai jikoni, tafuta spika nzuri au za masikioni, tuanze.

Kwanza, hili neno jazz

Kwetu tumezoea jazz kuwa jina la bendi. Morogoro Jazz, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz. Wazazi wetu walicheza dansi kwa bendi hizo, na ukimwambia mzee wa Kariakoo kwamba ile haikuwa jazz, atakuuliza wewe umezaliwa lini. Ilikuwa rumba na mitindo yetu wenyewe: gitaa la solo, la rithimu na la besi, saksafoni na tarumbeta, na maneno ya Kiswahili juu yake.

Jazz ya Wamarekani weusi, ile ya Duke Ellington na Count Basie, ni ndugu wa mbali. Bendi kubwa ya aina hiyo kwa kawaida ina saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, piano, besi na ngoma. Jumla watu 16. Kazi ya kiongozi ni kuwaandikia watu wote hao nani apige nini na lini, halafu awaachie nafasi ambapo mmoja anasimama na kubuni papo hapo huku wenzake wakimsindikiza. Kwa sisi watu wa pwani, mfano wa karibu ni kundi kubwa la taarab. Fikiria Ikhwani Safaa ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1905: fidla, kanuni, udi, nai, kila mmoja ana mahali pake. Na kumbuka jinsi taarab ilivyokuja. Mfumo wa okestra uliazimwa Misri, lakini haukubaki wa Misri. Ulipewa Kiswahili, ukapewa ngoma za pwani, ukawa wetu. Hilo liweke akilini, tutalihitaji.

Na usidhani Japani na sisi hatujawahi kukutana kimuziki. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ya marehemu Mbaraka Mwinshehe ilikwenda Osaka kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho makubwa ya dunia, Expo 70. Sisi tulipeleka gitaa zetu kwao. Leo tupokee zawadi yao.

Toshiko ni nani?

Toshiko Akiyoshi alizaliwa tarehe 12 Desemba 1929 mjini Liaoyang, Manchuria, eneo la China ambalo Wajapani wengi walihamia wakati ule. Alianza piano akiwa mtoto, tena piano ya kizungu ya darasani. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, familia ilipoteza kila kitu na mwaka 1946 ikarudi Japani, mji wa Beppu. Binti alitaka kupiga piano, nyumbani hakukuwa na piano. Akapata kazi kwenye ukumbi wa dansi waliokuwa wakistarehe askari wa Kimarekani. Huko, mtu mmoja mpenzi wa santuri akamsikilizisha Teddy Wilson akipiga piano, na mambo yakaanzia hapo.

Mwaka 1953 mpiga piano maarufu Oscar Peterson, akiwa ziarani Tokyo, alimsikia na kumwambia mwandaaji wake Norman Granz amrekodi. Mwaka 1956 akaenda Boston kusoma katika shule ya muziki ya Berklee, Mjapani wa kwanza kusoma pale. Amesimulia mwenyewe kwamba miaka ile alialikwa sana kwenye televisheni na vilabu akiwa amevaa kimono, kwa sababu Wamarekani walishangaa kumwona mwanamke wa Asia anapiga jazz. Hapo wewe na mimi tunamwelewa vizuri. Nani kati yetu hajaambiwa "unaongea vizuri!" na mtu ambaye hata hakusikiliza ulichosema?

Alihangaika miaka mingi. Mwaka 1973, akiwa Los Angeles na mumewe Lew Tabackin, mpiga saksafoni na filimbi, akaunda bendi yake ya watu 16. Yeye ndiye aliyeandika na kupanga nyimbo zake. Bendi hiyo, kwa majina tofauti, aliishikilia hadi mwaka 2003 alipoivunja. Aliteuliwa mara 14 kuwania tuzo ya Grammy na hakuipata hata mara moja. Mwaka 2007 serikali ya Marekani ilimpa heshima ya juu kabisa ya wanamuziki wa jazz.

Rekodi tano za kuanzia

Zisikilize kwa mpangilio huu, usiruke. Moja kwa wiki inatosha.

*1. Toshiko's Piano (1953).* Hii ni ile ya Tokyo iliyorekodiwa na Granz. Amepewa wapigaji wa Peterson mwenyewe: Herb Ellis gitaa, Ray Brown besi, J. C. Heard ngoma. Sikiliza mkono wa kulia unavyokimbia. Ni binti wa miaka 23 ambaye amejifunza lugha ya watu kwa kusikiliza santuri, na anaizungumza bila kigugumizi. Lakini bado ni lugha ya watu. Utamsikia Bud Powell zaidi kuliko utakavyomsikia Toshiko. Si aibu, kila mwanafunzi huanza kwa kunakili.

*2. Long Yellow Road, mara mbili.* Wimbo huu aliurekodi kwanza mwaka 1960 akiwa na watu wanne tu, kwenye rekodi ya Toshiko Mariano Quartet. Halafu mwaka 1975 akaurekodi tena na bendi kubwa, kwenye rekodi yenye jina la wimbo wenyewe. Sikiliza zote mbili siku moja. Melodi ni ile ile. Ya kwanza ni mtu anatembea peke yake, ya pili ni msafara. Hapa ndipo utaelewa kazi ya kupanga vyombo ni nini: wazo moja limegawiwa watu 16 na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Sikiliza hasa kundi la saksafoni. Mara nyingi Toshiko huwaambia waweke saksafoni chini washike filimbi na klarineti, na bendi nzima inabadilika rangi.

*3. Kogun (1974).* Rekodi ya kwanza ya bendi kubwa. Jina lina maana ya jeshi linalopigana peke yake. Mwezi Machi mwaka huo askari wa Kijapani, Hiroo Onoda, alitoka msituni kwenye kisiwa cha Lubang, Ufilipino, baada ya karibu miaka 29 bila kukubali kwamba vita vimekwisha. Toshiko alichukua habari ile akaitia kwenye bendi, na ndani yake akaweka sauti na ngoma ndogo ya tsuzumi kutoka Noh, mchezo wa kale wa jukwaani wa Kijapani. Ngoma ile haifuati mwendo wa jazz. Inagonga kwa wakati wake, ikinyamaza katikati. Mara ya kwanza utadhani kuna mtu amekosea. Sikiliza tena.

Mwezi Mei mwaka ule ule Ellington akafariki. Toshiko amesema kwamba alisoma jinsi Ellington alivyojivunia asili yake ya Kiafrika na kuitia katika muziki, akaona kwamba na yeye ana wajibu wa kuitazama asili yake. Kwa hiyo, ndugu, ni fahari ya mtu mweusi iliyomtia moyo Mjapani arudi kwao.

Swali hilo hilo hapa Uswidi lilikuwa limeshaulizwa. Jan Johansson, aliyezaliwa mwaka 1931, alisoma uhandisi kule Chalmers kisha akauacha kwa ajili ya piano (wasimamizi wetu wasisome sentensi hii). Mwaka 1964 ikatoka Jazz på svenska, nyimbo za kale za vijijini kwa piano yake na besi ya Georg Riedel peke yake. Ukitaka kumwelewa Mswidi anayekaa kimya kwenye treni, msikilize Johansson usiku wa theluji.

*4. Insights (1976).* Humu mna kazi inayoitwa Minamata, zaidi ya dakika 20, sehemu tatu. Nitaizungumzia peke yake hapa chini.

*5. Hiroshima: Rising from the Abyss (2001).* Ilipigwa kwa mara ya kwanza mjini Hiroshima tarehe 6 Agosti 2001, siku ya kumbukumbu ya bomu. Toshiko alisita kuiandika, kwa sababu picha alizotumiwa zilimtisha. Kilichomfanya akubali ni picha moja ya msichana aliyekuwa akitabasamu. Sehemu ya mwisho inaitwa Hope, yaani tumaini, na baada ya Septemba 11 ya mwaka ule alikuwa akifunga nayo maonyesho yake. Iache iwe ya mwisho na kwako pia.

Minamata

Minamata ni mji wa wavuvi kusini mwa Japani. Tangu mwaka 1932 hadi 1968 kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga ndani ya ghuba maji machafu yenye zebaki. Wenzangu wa kemia mnajua: walitengeneza asetaldehaidi wakitumia zebaki kama kichocheo, na sehemu yake ikageuka kuwa methili-zebaki, aina mbaya kuliko zote, inayoingia kwenye samaki na kupanda kutoka mdogo kwenda mkubwa hadi sahanini. Paka walianza kuruka kama wenye wazimu na kutumbukia baharini. Halafu watu. Mikono ikatetemeka, macho yakafifia, watoto wakazaliwa wagonjwa kutoka kwa mama walioonekana wazima. Ugonjwa ulitangazwa rasmi Mei 1956. Waliotambuliwa na serikali kuwa wagonjwa ni zaidi ya 2,200, na walioomba kutambuliwa ni wengi kuliko hao.

Sasa sikiliza jambo ambalo kila mhandisi anapaswa kulibandika ukutani. Mwaka 1959, ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitaja zebaki kuwa chanzo, kampuni ilifunga mtambo wa kusafisha maji taka na kuuzindua kwa sherehe. Mtambo haukuwa umeundwa kuondoa methili-zebaki iliyoyeyuka kwenye maji. Watu wakatulizwa. Sumu ikaendelea kutoka miaka mingine tisa.

Toshiko anaisimulia hivi. Sehemu ya kwanza ni kijiji cha amani, na anayefungua ni sauti ya mtoto, binti yake Michiru. Sehemu ya pili ni neema na matokeo yake: tarumbeta na tromboni zinaingia kwa furaha, mdundo unachezeka kabisa, utapiga mguu chini. Hapo ndipo ujanja wake ulipo. Anakufanya uifurahie ile neema kabla hujajua bei yake, kama walivyoifurahia watu wa Minamata, maana kiwanda ndicho kilichowapa ajira. Kisha vyombo vinaanza kugombana. Sehemu ya tatu inakuja sauti nzito ya Noh na zile ngoma, kama mzee aliyefika msibani ambaye hakuna anayethubutu kumkatiza.

Kwa nini tuisikilizie Stockholm

Tarehe 5 hadi 16 Juni 1972 mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira ya binadamu ulifanyika katika mji huu. Wagonjwa wa Minamata walisafiri wenyewe hadi hapa, akiwemo msichana aliyezaliwa na ugonjwa ule, ili dunia iwaone kwa macho. Ile Siku ya Mazingira tuliyopanda miti shuleni kila tarehe 5 Juni ni kumbukumbu ya ufunguzi wa mkutano huo. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilizaliwa kutokana nao, na makao yake yakawekwa Nairobi. Ukitoka Fasching, klabu ya jazz ya Kungsgatan iliyofunguliwa 1977, tembea dakika chache tu hadi Folkets Hus ya Norra Bantorget, ambako vikao vilifanyika. Muziki na kisa chake viko mtaa na mtaa.

Na zebaki yenyewe haikubaki Japani. Mimi nimekulia Mwanza. Kwa mjomba wangu, upande wa Geita, dhahabu ya wachimbaji wadogo huoshwa kwenye karai, zebaki inamiminwa, inakandwa kwa mikono mitupu mpaka ishikane na chembe za dhahabu, kisha donge linachomwa moto. Zebaki inaruka hewani, dhahabu inabaki. Nikiwa mtoto nimemwona mjomba akichoma kwenye jiko la mkaa la nyumbani, lile lile ambalo baadaye liliinjikwa sufuria ya ugali. Sisi watoto tulisogea karibu kuona rangi inavyogeuka. Leo ninajua kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayoingia hewani kwa kazi za binadamu, na kwamba ikidondoka majini, vijidudu vya tope huigeuza kuwa ile ile ya Minamata. Mkataba wa kimataifa wa zebaki ulitiwa saini Japani mwaka 2013, ukaanza kazi mwaka 2017, na Tanzania na Uganda ni miongoni mwa nchi zilizojiunga. Jina lake ni Mkataba wa Minamata.

Utafiti wangu ni wa maji taka ya viwandani. Usiku nilioisikiliza Minamata kwa mara ya kwanza nilikuwa na jedwali mbele yangu lenye safu iitwayo mabaki, yaani kile ambacho mtambo wangu haukukiondoa. Nilikuwa nimeandika chini yake: athari ni ndogo. Kwa kweli sikuwa nimepima athari. Nilikuwa nimepima mtambo. Ile sauti ya mtoto ilipoanza nikaifuta sentensi, na nikaongeza mwezi mmoja wa kazi ambao sikuwa nao.

Jumapili nikampigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Baridi ya huko haijakuua?"

Nikamweleza habari za Minamata, paka, watoto. Akasikiliza kimya. Nikamwuliza kama wanatumia kile chombo cha kufunika moto kinachorudisha zebaki isiruke.

"Tunacho kimoja kwa duara nzima," akasema. "Kinachelewesha, mjomba. Na ndani huoni dhahabu inavyogeuka. Mnunuzi amesimama, vijana wanataka chao. Wewe uliyesoma, tuletee kinachofanya haraka, na tukione ndani."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Lakini nilitambua kwamba mjomba amenipa masharti mawili ya usanifu yaliyo wazi kuliko yote niliyowahi kupewa darasani. Ninayo ukutani, karibu na tarehe ile ya 1959.

Zoezi

1. Sikiliza Long Yellow Road zote mbili. Andika mistari mitano: nini kimeongezwa, na nini hakikuguswa?

2. Sikiliza sehemu ya pili ya Minamata mara mbili. Mara ya pili, taja dakika ambapo furaha inaanza kukutia wasiwasi. Linganisha na mwenzako. Mimi na jirani yangu wa korido, Mkenya wa uchumi, tulipishana dakika nzima tukabishana mpaka jiko la pamoja likafungwa.

3. Hili ni kwa wote, wa uhandisi, sheria, uchumi na udaktari. Katika kazi unayoandika sasa, tafuta safu yako ya mabaki. Nani anaishi ndani yake?

Toshiko alichukua muziki wa watu wengine, akaujua vizuri kuliko wengi wao, kisha akautumia kusema habari za kijiji cha kwao ambacho wenye nguvu walitaka kisahaulike. Sisi pia tumekuja kuazima. Mababu wa taarab walishatuonyesha kwamba cha kuazima kinaweza kuwa chako ukikipa maneno yako. Cheti tutapata, inshallah. Swali ni nani atakayesikia jina la kwao tukianza kupiga.

Majibu ya zoezi nileteeni mkutano ujao wa chama. Atakayekuja na spika kubwa, chai na maandazi ni juu yangu.

Kusikiliza kwema.